Jiko la makaa au jiko la peleti la mtumba?

Baridi ya Julai Nairobi huwafanya wengi waingize jiko la makaa ndani. Kamukunji, kwenye soko la mafundi wa jua kali, unalipata siku hiyohiyo, na kigae chake cha udongo kikipasuka kinabadilishwa. Lakini naliogopa: monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Jiko la mtumba la peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa, lina kazi zaidi. Fungua feni inayovuta moshi, piga brashi majivu yaliyogandia mabawa yake, badilisha kamba inayoziba mlango, kisha toboa ukuta upitishe bomba la moshi hadi nje. Peleti zihifadhiwe pakavu. Zikinyonya unyevu huvimba na kugeuka unga. Stima ikipotea, feni inasimama. Hata hivyo, kwa nyumba yenye watoto, nachagua hili lenye bomba.