Reflekta ya pande tano, ninazozitumia ni mbili

Nilinunua reflekta kwa uvivu. Nilikuwa nabeba flashi mbili, stendi zake, betri na begi zito, na nikifika sehemu ya kupigia picha mgongo umeshakata tamaa kabla sijagusa shata, kile kitufe cha kupigia picha. Nikaamua kuuweka mzigo wote kando: kamera moja, lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi liko wazi zaidi), reflekta, basi. Sasa ni miezi minane napiga picha za nguo nje kwa jua tu, na nina ya kusema.

Kwa asiyeijua, ni duara la kitambaa la kurudishia mwanga, lenye waya mwembamba wa chuma ukingoni. Kiini chake ni kitambaa cheupe kinachopitisha mwanga. Juu yake unavalisha gamba la zipu lenye fedha, dhahabu, nyeupe na nyeusi. Ukiligeuza nje ndani unapata rangi nyingine. Yangu ina kipenyo cha sentimita 110.

Siku ya kwanza nilikimbilia fedha, maana ndiyo inayong'aa. Ilikuwa saa saba mchana. Nikamsimamisha mwanamitindo jua likiwa mgongoni, nikamrudishia mwanga usoni kutoka mita moja hivi. Akanyanyua kiganja haraka. "Kaka, naona nyota!" Picha zilizotoka zina macho yaliyofinywa na paji la uso linalong'aa kama limepakwa mafuta ya kupikia. Na kwa kuwa niliishika chini, usawa wa magoti, mwanga ulipanda kutoka kidevuni ukamulika matundu ya pua. Umewahi kuona mtoto akijimulika tochi kidevuni ili atishe wenzake? Ndivyo ilivyokuwa, tofauti ni gauni tu.

Nyeupe ndiyo iliyoniokoa. Ni dhaifu, kwa hiyo ukiiweka mbali utadhani umetupa pesa. Isogeze mpaka inakaribia kuingia kwenye fremu, iinue usawa wa kifua au bega, halafu tazama macho: ndani ya mboni inatokea nukta nyeupe ya duara, na kivuli kilichokuwa chini ya nyusi kinalainika bila kufutika. Ngozi inabaki ngozi. Upande huu peke yake unatosha kuhalalisha bei.

Dhahabu nisingemshauri mtu yeyote anayepiga nguo. Niliitumia mara moja kivulini, kwenye gauni la satini lenye rangi ya maziwa. Tatizo ni kwamba mwanga wa kivulini una ubluu kidogo, unafika Kelvini 7000 na zaidi (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda ubluu unaongezeka), wakati dhahabu inarusha umanjano. Upande mmoja wa gauni ukawa maziwa, mwingine chai ya maziwa. Nilihangaika nayo kwenye kompyuta nikashindwa, kwani ukirekebisha upande huu unaharibu ule. Fundi aliyeshona alipoziona picha akaniambia, "Hili si gauni langu." Alikuwa na haki. Mnunuzi anachagua nguo kwa rangi, na rangi nilikuwa nimeidanganya.

Nyeusi sikuitarajia kabisa. Nilidhani wameiweka ili kutimiza idadi. Lakini kukiwa na mawingu mazito mwanga unatoka kila upande na uso unakuwa bapa kama sahani. Weka upande mweusi karibu na shavu moja: unakula mwanga wa upande ule, na mara taya linaonekana, shingo inajitenga na kola. Kwa nguo nyeupe ni nzuri mno, ukingo wa shati unapata mstari badala ya kuyeyuka kwenye ukuta mweupe nyuma yake.

Kile kiini cha kupitishia mwanga nacho kina kazi, ila hapa ukubwa unaniangusha. Juu ya kichwa saa sita mchana kinalainisha uso na mabega vizuri. Kuanzia kiunoni kwenda chini gauni linabaki kwenye jua kali, na picha ya urefu mzima inaonekana kama watu wawili waliounganishwa. Kwa gauni refu naacha kubishana na jua, nahamia kwenye kivuli cha ukuta penye anga wazi mbele. Hapo f/4, shata sekunde 1/250, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 au 200, na kazi inaenda. Hiyo f/4 nimeifikia kwa machungu: mwanzoni nilifungua lenzi mpaka 1.8 ili nyuma kuyeyuke, kope zikatoka kali na taraza ya mkononi ikayeyuka pamoja na miti. Mteja alikuwa amelipia taraza.

Kasoro za kifaa chenyewe. Zipu ilianza kuachia mwezi wa tano, sasa gamba linashikwa na pini mbili. Upepo kidogo tu na inageuka tanga. Niliwahi kuiegemeza kwenye stendi, ikaondoka na stendi yake. Kuikunja ni aibu mpaka ujue siri: shika ncha mbili zinazotazamana, kiganja kimoja kitazame juu na kingine chini, kisha pindua kama unayekamua shuka. Itajikunja yenyewe kuwa miduara mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa naisukumiza kwenye buti la gari ikiwa wazi, na kila nikifungua mlango inaniruka.

Jambo ambalo tangazo halikusema ni kwamba kifaa hiki kinadai mikono miwili isiyo ya kwako. Ukiwa na kamera mkononi huwezi kuishika na kuifuata shingo ya mtu kila anapogeuka. Nilijaribu kumpa mwanamitindo ajishikilie mwenyewe: inafaa kwa picha ya uso tu, mikono ikitakiwa kuonekana mchezo umekwisha.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila ile ya umbo la yai, sentimita 120 kwa 180, ili angalau ifike magotini. Na kabla ya kuinunua ningeshapata mshikaji, kwa maana zote mbili za neno hilo.