SQLite au MySQL kwa hesabu za dagaa?

Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, akitaka kuhamishia hesabu zake kwenye kompyuta ya nyumbani, wengi watamwambia aweke MySQL, programu ya kutunza data. Mimi namshauri aanze na SQLite, nyingine ya aina hiyo.

MySQL, iliyotoka mwaka 1995, ni seva. Ukishaiweka inabaki ikifanya kazi chinichini, inasikiliza maombi kwenye mlango wa mtandao (port) namba 3306, na tangu mwanzo inakudai nywila ya mtumiaji mkuu, root. Ukiisahau, kuirejesha ni shughuli pevu. Faili lake kamili la kusakinishia kwenye Windows ni mamia ya megabaiti. Kwa anayetegemea bando la simu, hilo si jambo dogo.

SQLite, kazi aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, haina seva wala nywila ya kuweka. Unapakua faili dogo la zip, unalifungua, basi. Mauzo, madeni, bei za magunia, vyote vinakaa kwenye faili moja. Funga programu, nakili faili hilo kwenye flashi, tayari una nakala ya akiba. Kwa MySQL utahitaji kujifunza amri ya mysqldump.

Umeme ukikatika ghafla zinalingana: SQLite, na MySQL inayotumia InnoDB (sehemu yake ya kuhifadhi data), zote hufuta muamala ambao haukukamilika.

Ila SQLite huruhusu mmoja tu kuandika kwa wakati mmoja. Kama mama anaingiza mauzo mwaloni huku kijana wake akiingiza mengine dukani Mwanga, kupitia mtandao, hapo MySQL inastahili usumbufu wake.