Wiki nane za kuchana na kubandika: tathmini ya kozi ya kolaji kwa wenye kiwewe

Nilijiandikisha katika kozi hii nikiwa na shaka. Miaka miwili baada ya ajali ya barabarani, nilikuwa nimekwisha kulisimulia tukio lile kwa daktari, kwa mshauri nasaha na kwa jamaa, na kila nilipolisimulia niliondoka nimechoka kuliko nilivyofika. Tangazo lilisema kwamba mshiriki hatalazimika kusema lolote wala kujua kuchora, na kwamba kwa wiki 8, kikao kimoja cha saa mbili kila wiki, tungetengeneza kolaji za kidhahania, yaani picha za vipande vilivyobandikwa zisizoonyesha mtu, nyumba wala mti, ila rangi, maumbo na mpangilio wa vipande tu. Sharti hilo la kutoonyesha kitu ndilo lililonivuta.

Sababu yake anaijua yeyote aliyeishi na kiwewe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jarida la kawaida limejaa ung'ongo: kwangu mimi ni magari, kwa mwingine ni sura za watu au kitanda cha hospitali. Mwezeshaji alikuwa amelifikiria jambo hilo mapema, kwa hiyo mezani tulikuta karatasi za rangi moja moja, karatasi shashi, kadibodi, mabaki ya msasa, na kurasa za majarida zilizokwisha kuchanwa vipande vidogo hata visitambulike. Wembe haukuwepo, na mkasi uliletwa kwa aliyeuomba. Mwanzoni niliudhika, kwa kuwa napenda ukingo ulionyooka; baadaye niliona kwamba tahadhari hiyo ni ya lazima katika kundi ambamo huenda yupo mtu aliyewahi kujidhuru, na kwamba karatasi iliyochanwa kwa mkono huacha ukingo mweupe wenye nyuzinyuzi, ambao wenyewe huwa mstari ndani ya picha.

Jambo lililonifanya niendelee kuhudhuria ni dogo kulieleza: kwa nusu saa ya kwanza ya kila kikao gundi haikutolewa. Tulipanga vipande, tukavisogeza, tukavigeuza, tukaviondoa na kuvirudisha, tukijua kwamba hakuna lililoamuliwa bado. Ajali haikuniuliza chochote. Ilitokea, ikaganda kichwani kama ilivyotokea, na tangu hapo ikawa inarudi katika mpangilio uleule. Katika wiki ya tatu nilichagua kipande cha msasa mweusi, nikakiweka katikati, kikameza kila kitu. Nilikipeleka pembeni, nikaona uongo. Nilikifunika kwa karatasi nyeupe, nikaona uongo mkubwa zaidi. Mwishowe nilikiacha karibu na katikati, nusu yake chini ya karatasi shashi ya samawati inayopitisha giza lake, na hapo tu ndipo nilipoomba gundi. Hakuna aliyeniuliza msasa ule ni nini, na nilishukuru.

Mwezeshaji alitupa pia historia fupi, iliyochaguliwa vizuri. Wachoraji Picasso na Braque walianza kubandika karatasi na vitu vya kawaida katika picha zao mwaka 1912, lakini aliyetugusa zaidi ni Kurt Schwitters wa Ujerumani, ambaye baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikusanya tiketi, karatasi za kufungia bidhaa na takataka nyingine akazifanya picha, na mwaka 1919 akaiita sanaa yake Merz, silabi aliyoipata kwa kulikata neno la Kijerumani la biashara. Mchoraji Henri Matisse naye, baada ya kufanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, aligeukia zaidi mkasi na karatasi zilizopakwa rangi na wasaidizi wake, na vipande vilishikizwa ukutani kwa pini ili viweze kuhamishwa kabla ya kubandikwa. Pini zile na nusu saa yetu bila gundi ni jambo moja.

Kasoro zipo, na mojawapo ni kubwa. Katika wiki ya tano, kinyume cha tangazo, tuliombwa kukaa duara na kila mmoja aeleze kazi yake, na mshiriki mmoja alitoka akilia kabla zamu yake haijafika. Wiki iliyofuata mwezeshaji aliomba radhi na kuufuta utaratibu huo, jambo la uungwana, ila kosa lenyewe linaonyesha pengo: yeye ni msanii mwenye moyo mzuri, hana mafunzo ya tiba kwa sanaa, taaluma inayojitegemea na yenye vyama vyake tangu miaka ya 1960. Tangazo nalo linaahidi uponyaji na kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambapo takriban robo tatu ya watu wazima 39 walionekana kupungukiwa na kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, baada ya dakika 45 za kutengeneza sanaa, kolaji ikiwemo. Utafiti huo upo, ila haukuhusu kiwewe, na kushuka kwa msongo kwa muda mfupi hakutoshi kuitwa kupona.

Gundi ilikuwa ya majimaji mno na iliikunja karatasi shashi. Pakeni kidogo sana, kisha laza kazi chini ya vitabu vizito usiku kucha. Karatasi za magazeti ziepukwe na anayetaka kazi idumu, maana hugeuka manjano.

Bado nashtuka nikisikia breki. Hata hivyo, niliipeleka kolaji ya msasa kwa mshauri wangu, na kwa mara ya kwanza tulizungumza kwa saa nzima bila mimi kuianza ajali tangu mwanzo. Tulianzia kwenye ile karatasi ya samawati. Kwa hiyo naipendekeza kozi kwa aliye na mtaalamu anayemfuatilia pembeni, na simshauri ajiunge yule ambaye tukio lake ni la juzi au ambaye hana wa kumkimbilia kikao kikimzidi. Mwenyewe nitajiandikisha kwa awamu ya pili iwapo wataandika, kwa maneno yasiyopindika, kwamba kueleza kazi ni hiari.