Ong-Bak na wenzake: picha za mapigano za Thailand ninazozirudia

Kama umechoka na picha za mapigano ambazo mtu anapaa juu ya mapaa huku kamba inamvuta, anza na Ong-Bak ya mwaka 2003. Humu hakuna kamba wala ujanja wa kompyuta. Steringi wake, Tony Jaa, anapiga, anaruka na kuanguka mwenyewe, na kuna pambano anarusha mateke huku miguu inawaka moto wa kweli.

Hadithi ni nyepesi. Kijana wa kijijini anakwenda Bangkok kutafuta kichwa cha sanamu ya Buddha kilichoibwa. Mwanzo unajivuta, na vichekesho vya mwenyeji wake wa mjini vinachosha, lakini vumilia mpaka aingizwe ulingoni na kumlaza mpinzani wa kwanza kwa goti moja tu.

Utamu wenyewe uko kwenye viwiko na magoti. Steringi anajirusha juu ya mtu mzima, kisha anamshushia kiwiko utosini. Kamera inakaa mbali kiasi cha kuuona mwili wote, na tukio kubwa linarudiwa kutoka upande mwingine ili ujiridhishe kwamba limefanyika kweli. Ile mbio ya vichochoroni, anapopenya katikati ya vioo viwili na kuteleza chini ya gari akiwa amepiga msamba, mimi huirudisha nyuma kila ninapoitazama. Halafu kuna bajaji zinazofukuzana.

Ukiipenda, tafuta Tom-Yum-Goong ya 2005. Humo Tony Jaa ameibiwa tembo wake, anawafuata wezi hadi Sydney, na ndani ya mgahawa anapanda ghorofa baada ya ghorofa akipigana kwa karibu dakika nne bila picha kukatwa hata mara moja. Mtazame anavyohema akikaribia juu. Hapo nilimheshimu zaidi ya popote.

Chocolate ya 2008 ni ya JeeJa Yanin, binti mwembamba mwenye kasi ya ajabu. Mwishoni wanaonyesha waigizaji wakiumia na kutibiwa. Sehemu hiyo mimi huitazama kwa shida, maana burudani yangu imewagharimu watu maumivu. Zote tatu ziliongozwa na Prachya Pinkaew, na mapigano yake yana mkono wa Panna Rittikrai, aliyefariki 2014.

Tafuta nakala yenye sauti yake ya asili. Ile ya kwanza niliyoiona kibandani ilikuwa na msimuliaji juu kwa juu, na mlio wa goti likitua kifuani haukusikika kabisa.