Sufuria ya Presha kwa Nafaka Isiyokobolewa: Je, Inafaa?

Kinachowashinda wengi katika kula nafaka isiyokobolewa ni muda. Mtama mzima na ngano nzima huchukua takriban saa moja jikoni, na mchele wa kahawia haupungui dakika 40, kwa hiyo mtu aliyerudi nyumbani amechoka huishia kupika kilichokobolewa, hata kama anajua vyema kwamba pumba na kiini, ambavyo vina sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, madini na vitamini, vimeondolewa. Nimeitumia sufuria ya presha ya lita 6, ya chuma kisichoshika kutu, ya kuwekwa juu ya jiko la kawaida, na nitaipima kwa kazi hii peke yake.

Kanuni yake si ngeni, kwani Denis Papin aliionyesha mjini London mwaka 1679: mfuniko huzuia mvuke usitoke, presha hupanda ndani ya chombo, na maji huchemka kwenye nyuzi joto zinazokaribia 120 za Selsiasi badala ya 100. Kwa nafaka nzima tofauti hiyo ni kubwa, maana ganda la pumba ndilo linalochelewesha maji kupenya, na joto hilo hulilainisha upesi. Mchele wa kahawia, kikombe kimoja kwa kikombe kimoja na robo cha maji, huiva kwa dakika 20 hadi 22, ukihesabu tangu presha ilipokamilika, kisha ukaacha mvuke ushuke wenyewe kwa dakika 10 nyingine. Mtama uliolowekwa usiku kucha huhitaji dakika 20 hadi 25, na hutoka ukiwa laini ndani huku punje zikibaki nzima, jambo ambalo sufuria ya kawaida hunipa kwa nadra, kwa kuwa punje za juu hubaki ngumu wakati za chini zimeshapasuka. Kwa ulezi sioni haja ya presha. Punje zake ni ndogo, na moto wa kawaida unazitosha.

Kijitabu kilichokuja na sufuria hii kinataja nyama, maharage na mchele mweupe, lakini hakisemi lolote kuhusu nafaka nzima, na hilo ni pungufu kubwa, kwa sababu nafaka ina hatari yake. Huvimba na kutoa povu, na povu hilo linaweza kuziba tundu la mvuke. Kwa hiyo chombo kisijazwe kupita nusu, maji yakiwemo. Kijiko kimoja cha mafuta hupunguza povu. Na vali ikaguliwe na kusafishwa kila baada ya kupika. Mvuke usiachiliwe kwa ghafla, kwani maji yenye wanga hurushwa nje pamoja nao. Kasoro nyingine ni kwamba mpishi hawezi kufunua na kuonja, hivyo akizidisha maji hugundua mwishoni, na dawa yake ni kuchuja tu. Kitako cha sufuria hii, hata hivyo, ni kinene, na ukoko haushiki iwapo moto umepunguzwa mara presha inapokamilika.

Nisingependa mnunuzi adhani kwamba presha inachukua nafasi ya kuloweka. Pumba ina asidi ya fitiki, ambayo hushikamana na chuma na zinki na kuufanya mwili ufaidi kidogo madini hayo. Kuloweka kwa saa 8 au zaidi na kumwaga maji hayo huipunguza kwa kiasi fulani, na kuotesha punje hadi zichipue hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na kiasi hicho hakifikiwi kwa mlo mmoja wa wiki. Hapa ndipo ninapoiona thamani halisi ya chombo hiki: hupika kwa mkupuo nafaka ya siku tatu, ambayo asubuhi hupashwa na maziwa, na jioni huchanganywa na kunde na mboga za majani. Nafaka iliyopikwa itandazwe kwenye sinia ipoe haraka na iingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita, kwa sababu bakteria aina ya Bacillus cereus huzaliana katika wali na nafaka nyingine zilizoachwa kwenye joto la kawaida.

Kabla ya kununua, hakikisha raba ya mfuniko wa aina hiyo inauzwa peke yake, maana huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine zote, na ikianza kupasuka presha haipandi. Nyumba ya watu wawili itatosheka na lita 4. Kwa familia, kwa kuwa kipimo cha nafaka ni nusu ya chombo tu, lita 6 ni kiwango cha chini.