Uzoefu wangu: vifaa vya kujitengenezea vya kutoa upepo kwenye klachi ya mafuta

Nimejaribu vifaa vitatu nilivyojitengenezea vya kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa, kwenye klachi ya mafuta, ile inayosukumwa kwa mafuta ya breki badala ya waya, na kimoja kati ya hivyo, ambacho ni sirinji ya mililita 60 na kipande cha mpira wa dripu, kilimaliza kwa muda wa robo saa kazi iliyoshindikana kwa siku nne katika gereji mbili. Ninaeleza hapa nilivyovitengeneza, nilicholipa na kasoro nilizoziona, nikiwafikiria hasa wenye magari ya kazi ambao gari likilala siku moja, mzigo nao unalala.

Gari langu ni Toyota Hilux ya dizeli yenye gia za mkono, na kazi yake ni kubeba muhogo mkavu na simsim kati ya Arua, Nebbi na Pakwach, huku kwetu Uganda. Mwezi wa pili mwaka huu, nilipokuwa nikipanda kutoka Pakwach kuelekea Nebbi na magunia kumi na manane nyuma, pedali ya klachi ilianza kuwa laini, kisha ikazama hadi kwenye zulia na kukataa kurudi juu. Nililazimika kuipiga pampu mara tatu au nne kabla ya kila gia, na kwa njia hiyo nikafika Arua saa tatu usiku. Asubuhi nililala chini ya gari, nikafunua kifuniko cha mpira cha masta ya chini, ile iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, na mafuta ya breki yakanimwagikia kiganjani. Mpira wa pistoni ulikuwa umekwisha.

Gereji ya kwanza ilibadilisha seti ya mipira vizuri kabisa, lakini ikashindwa kutoa upepo. Kijana mmoja alikaa ndani akikanyaga, mwingine akawa chini akifungua na kufunga skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye masta ya chini, wakamaliza karibu nusu lita ya mafuta, na pedali ikabaki laini kama sifongo. Gereji ya pili ilifanya jambo baya zaidi: mafuta ya breki yalipowaishia, walijaza kikopo cha klachi, kile kinachohifadhi mafuta yake juu, kwa mafuta ya usukani wa hidroliki. Nilipofungua kifuniko na kuona wekundu, nilijua nimepata hasara. Mipira ya mfumo wa breki na klachi imetengenezwa kukaa ndani ya mafuta ya breki tu, na ikikutana na mafuta yatokanayo na petroli huvimba na kuwa laini. Nilinunua masta zote mbili mpya, ya juu inayosukumwa na pedali na ya chini, nikasafisha bomba linaloziunganisha, na nikaapa kwamba upepo nitautoa mwenyewe.

Kabla ya vifaa vyenyewe ni lazima nieleze kwa nini klachi ni sumbufu, kwa kuwa mafundi wengi huifanyia kazi kana kwamba ni breki. Masta ya juu ya gari langu imeandikwa 5/8 ubavuni, yaani kipenyo cha inchi 5/8, ambacho ni karibu milimita 16. Pistoni yake ikisogea sentimita tatu, inasukuma mafuta kama mililita sita tu. Bomba linatoka kwenye masta ya juu, linapinda na kupanda kidogo ukutani mwa injini, ndipo linashuka hadi kwenye giaboksi. Ukikanyaga, kiputo kinasukumwa kuelekea chini; ukiachia, kinapanda tena kukaa kwenye pindo, kwa sababu hewa daima hutafuta juu. Unaweza kukanyaga mpaka mguu ukafa ganzi na kiputo kile kile kikawa kinapanda na kushuka bila kufika kwenye skrubu.

Kifaa cha kwanza ni chupa na mpira. Nilichukua chupa ya jamu ya kioo yenye kifuniko cha bati, nikaiosha na kuianika juani hadi isibaki hata tone la maji, nikatoboa matundu mawili kwenye kifuniko: moja la kupitisha mpira kwa kubana, na jingine dogo la kupumulia. Mpira niliupata kwenye duka la dawa, seti mpya ya dripu kwa shilingi 2,500, nikakata kile kikombe cha matone na kubakiza mrija mwangavu peke yake. Mrija huo ni mwembamba kidogo kwa skrubu ya gari, kwa hiyo nililowesha ncha yake kwenye maji ya moto kwa dakika moja, nikaikausha, ukalainika na kuvaa vizuri. Spana ya pete namba 10 inatangulia kuwekwa kwenye skrubu, mpira unafuata. Ukisahau utaratibu huo utavua kila kitu na kuanza upya. Ncha ya pili ya mpira lazima izame ndani ya mafuta yaliyomo chupani, na chupa inafaa ikae juu kidogo ya skrubu, ili pedali inapoachiwa kitakachorudi nyuma kiwe mafuta, wala si hewa.

Mpwa wangu alikaa kwenye usukani, nami chini.

"Piga pampu!"

"Nimepiga, mjomba."

"Shika!"

"Nimeshika."

Nilifungua robo mzunguko, viputo vikapita kwenye mrija kama shanga, nikafunga kabla hajaachia. Tulifanya hivyo mara ishirini na kitu, tukiangalia kikopo cha juu kisishuke chini ya nusu, maana kikikauka tu mnaingiza hewa mpya na kazi yote inarudi mwanzo. Mafanikio yalikuwa ya nusu. Viputo vikubwa vilitoka, gia zikaanza kuingia, lakini pedali ilikuwa inashika karibu na sakafu. Kwa kubadilisha mafuta yaliyochakaa, kifaa hiki kinatosha na ningekipendekeza kwa yeyote. Kwa mfumo uliofunguliwa wote na kukauka, kama ulivyokuwa wangu, hakitoshi.

Kifaa cha pili kilinigharimu zaidi na kilinifaa kidogo. Nilinunua bomba dogo la mkono la kunyunyizia dawa, la lita 2, kwa shilingi 22,000, nikaunganisha mpira wake na kifuniko cha zamani cha kikopo cha klachi nilichokitoboa na kukiziba kwa gundi ya sehemu mbili. Wazo lake ni zuri: unajaza mafuta ya breki kwenye bomba, unapiga pampu, mgandamizo unasukuma mafuta kutoka juu bila mtu wa kukanyaga. Lakini kikopo ni cha plastiki na hakikuumbwa kwa mgandamizo mkubwa. Mtu asipite bar 1, na bomba la kunyunyizia halina geji ya kumwonyesha amefika wapi. Gundi yangu iliachia jaribio la pili, mafuta yakarukia fenda. Niliyamwagia maji mengi papo hapo, na hata hivyo rangi ilinyanyuka sehemu ya ukubwa wa kiganja, kwani mafuta ya breki hula rangi ya gari haraka. Tena, bado unasukuma hewa kuelekea chini, kinyume na inakotaka kwenda. Siwezi kumshauri mtu atumie fedha zake huko kwa ajili ya klachi peke yake.

Kifaa cha tatu ndicho kilichonifanya niandike. Nilinunua sirinji ya mililita 60, ile yenye ncha ndefu butu isiyohitaji sindano, kwa shilingi 4,000, pamoja na chupa mpya ya mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 ambayo haijafunguliwa, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo ndio unaokula silinda kwa kutu. Kwanza nilinyonya mafuta kwenye kikopo cha juu hadi yakabaki kidogo tu, ili kipate nafasi ya kupokea yatakayopanda, na nikatandika vitambaa kukizunguka. Kisha nilijaza sirinji polepole, nikaisimamisha ncha juu na kuigonga kwa ukucha hadi hewa yote ikatoka, nikasukuma hadi mrija ukajaa mafuta na tone moja likaning'inia mwishoni. Nikauvisha kwenye skrubu nikiwa bado nasukuma kidogo, nikaubana kwa waya mwembamba, nikafungua nusu mzunguko, nikaanza kusukuma kwa dole gumba bila haraka.

Mpwa wangu alikuwa amesimama kwenye boneti akimulika kikopo kwa tochi. Kwa mililita ishirini za mwanzo hakuona kitu. Kisha akapaza sauti: "Mjomba, kunachemka huku!" Viputo vilikuwa vinatoka kwenye tundu dogo la chini ya kikopo, kwanza vikubwa kama punje za mahindi, halafu vidogo kama mtama, halafu mafuta matupu. Nilifunga skrubu, tukapunguza mafuta juu, nikarudia sirinji ya pili ili kuwa na hakika. Pedali ilipokanyagwa ilikuwa ngumu, inashika juu, na gia ya nyuma iliingia bila kukwaruza.

Yapo mambo ambayo mtu akiyapuuza, njia hii itamdhuru. Mafuta ya zamani yenye tope jeusi yasisukumwe juu, kwa kuwa uchafu wa masta ya chini utaingia kwenye mipira ya masta ya juu. Usafishe kwanza kwa chupa na mpira, ndipo utumie sirinji. Usijaribu kuitumia sirinji kunyonya kutoka chini badala ya kusukuma, kwani hewa hupita kwenye nyuzi za skrubu iliyolegezwa na utaona viputo visivyokwisha ambavyo havitoki ndani ya mfumo kabisa. Na kama masta inavuja, ama chini kwenye giaboksi ama juu nyuma ya pedali ambako zulia huwa linalowa, hakuna kifaa cha kutoa upepo kitakachokusaidia mpaka mipira ibadilishwe. Magari ya klachi ya waya hayahusiki na habari hii, na yale ambayo silinda yake imefichwa ndani ya giaboksi yana skrubu mahali pengine, kwa hiyo mtu aitafute kwanza kabla ya kununua chochote.

Kuhusu uimara, vifaa hivi si vya kudumu. Mpira wa sirinji ulivimba na kuanza kukwama siku iliyofuata, ingawa niliufuta vizuri, na mrija wa dripu umekuwa mgumu na wa manjano ndani ya miezi miwili. Nimevichukulia kuwa vitu vya kutumia mara moja, na nimeweka sirinji mpya na mrija mpya ndani ya kopo la maziwa ya unga lililokauka, nyuma ya kiti cha dereva, pamoja na spana namba 10 na chupa ndogo ya DOT 4 iliyofungwa. Hilux imekwenda Pakwach na kurudi mara kumi na moja tangu siku ile, na alama niliyochora kwa kalamu kwenye kikopo cha klachi bado iko sawa na mafuta.