Benzoili peroksaidi au adapalini: uanze na ipi kwa chunusi?

Kijana wa Dar es Salaam mwenye chunusi zilizovimba na zenye usaha, mimi ningemwanzishia benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka. Inaua bakteria wa chunusi, na bakteria hao hawaizoei kama wanavyozoea antibiotiki. Chukua ya asilimia 2.5. Ile ya 10 haiizidi sana kwa kazi, ila inababua zaidi, na ngozi nyeusi ikibabuka huacha madoa yanayokaa miezi. Linda foronya na taulo zako, maana inapausha vitambaa.

Adapalini ni habari nyingine. Huzibua vinyweleo, kwa hiyo inawafaa zaidi wenye vipele vidogo vidogo na vile vyenye vichwa vyeusi, na husaidia madoa kufifia taratibu. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, ngozi ikiwa imekauka. Wiki za mwanzo uso hubanduka, pengine chunusi huongezeka. Wengi huacha hapo, na inaniuma, kwa sababu matokeo huhitaji wiki 8 hadi 12. Ukishinda juani Kariakoo, losheni ya kukinga jua ni lazima. Mjamzito asiitumie.

Zikitumika pamoja hushinda moja peke yake. Mkorogo wa sokoni usiuweke kabisa kwenye mizani hii: mara nyingi una steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), nazo zenyewe huleta chunusi. Na kama ni mabonge yanayouma na kuacha makovu, usisubiri. Muone daktari wa ngozi.